Mnada Usio na Ukumbi



Simama Sironga asubuhi ya siku ya kuchuma, kando ya barabara ya Kisii kwenda Nyamira, utazame kinachopita. Kwanza ni lori la kiwanda cha chai, limejaa magunia ya majani mabichi kutoka vituo vya kununulia. Nyuma yake ni teksi ya Probox, imebeba abiria zaidi ya waliokusudiwa na walioiunda, dereva mwenyewe amegawana kiti na mtu. Majani yale yakishasagwa na kukaushwa yatauzwa Mombasa katika mnada unaoendeshwa kwa kompyuta. Na Probox ile, kabla ya kuja huku kuwa teksi, yumkini iliuzwa kwa mnada Japani, na aliyeitolea pesa hakuwahi kufungua mlango wake wala kusikia injini ikinguruma. Kwa hiyo mkulima wa Sironga ni muuzaji katika mnada mmoja, na mwanawe aliyechukua mkopo wa kununua Probox ni mnunuzi katika mnada mwingine. Wote wawili hawako ukumbini. Na siku hizi ukumbi wenyewe mara nyingi haupo.

Mnada tuliouzoea sisi ni ule wa ng'ombe. Unamwona mnyama, unamfungua mdomo uhesabu meno, unamtembeza ujue kama anachechemea, na mtu anayeshindana nawe kwa bei unamtazama usoni. Mnada ukihamia kwenye skrini, ng'ombe anaondoka, yanabaki maandishi tu: herufi mbili na tarakimu, neno la Kiingereza, alama kwenye mchoro. Anayeyafahamu anajua ananunua nini. Asiyeyafahamu husubiri kuambiwa, na mara nyingi anayemwambia ndiye anayemuuzia.

Mimi nina njia yangu ya kuyasoma. Nikikutana na neno la mnada nauliza: mambo yakiharibika, neno hili linamwachia nani hasara? Maana lugha hii haikutungwa na washairi. Ilitungwa na watu waliowahi kugombana juu ya pesa, wakaamua kuandika mapema nani atabeba nini. Twende na swali hilo, tuanze na chai.

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, karibu na meli. Unasimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai wa kanda hii, kinachojulikana kwa herufi zake, EATTA. Si chai ya Kenya pekee inayouzwa pale: ipo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na kwingineko. Tangu mwaka 1992 bei hutajwa kwa dola ya Marekani. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa wa mdomo. Madalali walipanda jukwaani kwa zamu, wanunuzi wamekaa mbele yao na katalogi mapajani, senti zinatajwa harakaharaka, nyundo inagonga, loti inayofuata. Mwaka 2020, Korona ilipofanya kukaa chumba kimoja kuwa hatari, mfumo wa kompyuta uliokuwa ukitayarishwa kwa muda ukaingia kazini. Sasa mnunuzi anakaa ofisini kwake, anabonyeza.

Wapo waliosikitikia kelele zile. Mimi si mmoja wao. Ukumbini watu wanaweza kukonyezana, na kukonyeza hakuandikwi popote. Kompyuta angalau huacha kumbukumbu: nani alipandisha dau, saa ngapi, kwa senti ngapi. Kama kumbukumbu hiyo inasomwa na mtu yeyote anayemjali mkulima, hilo ni jambo jingine.

Kabla ya siku ya mnada kuna katalogi. Hiyo ndiyo karatasi ambayo ningependa kila mkurugenzi wa kiwanda aweze kuisoma kwa sauti mbele ya wakulima waliomchagua. Kila mstari ni loti moja, yaani fungu la magunia ya karatasi yenye chai ya aina moja, kutoka kiwanda kimoja. Mstari unataja jina la kiwanda, ambalo wafanyabiashara huliita maki. Hapa Nyamira maki ni Sanganyi, Tombe, Gianchore, Kebirigo, Nyansiongo na Nyankoba. Ukivuka kuingia Kisii utakuta Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na wenzao. Kisha inakuja gredi, idadi ya magunia, uzito, na ghala ambamo mzigo umelala.

Maki ni sifa. Mnunuzi wa Karachi au Cairo hajui Sironga iko wapi na hana haja ya kujua, lakini maki iliyoandikwa kwenye gunia anaikumbuka miaka. Akiwahi kupata mzigo mbaya chini ya jina hilo, wiki ijayo atapunguza senti kabla hata ya kuonja, na hakuna anayekuja kijijini kueleza kwamba senti zile zilipotea kwa sababu ya gunia la mwezi uliopita.

Lakini gredi ndizo zinazochanganya watu zaidi. BP1, PF1, PD, D1. Wapo wakulima wanaoapa kwamba kiwanda kinapeleka chai nzuri kwa wakubwa na vumbi mnadani, kwa sababu wameona herufi D wakaambiwa kirefu chake ni vumbi kwa Kiingereza. Tuliweke sawa. Majani mawili na kichipukizi uliyochuma yanaingia kwenye mashine zinazoyaponda, kuyararua na kuyakunja. Zinatoka chembe za ukubwa mbalimbali, ambazo zikishachacha na kukauka hupitishwa kwenye chekeche. Chembe kubwa ndizo BP1. Zinazofuata kwa udogo ni PF1, na katika viwanda vyetu hizi ndizo nyingi. Ndogo zaidi ni PD na D1. Gredi ni ukubwa wa chembe, basi. Haisemi kama chai ni tamu. D1 ya kiwanda kinachosimamia uchumaji inaweza kuuzwa ghali kuliko BP1 ya kiwanda kinachopokea majani yaliyokomaa. Chembe ndogo hutoa rangi na nguvu upesi, na kuna masoko yanayotaka hivyo hasa.

Chini ya hizo nne kuna gredi za pili, zenye nyuzinyuzi na masalio ya chekeche, na humo ndimo bei inaporomoka kweli. Kwa hiyo swali la maana ni hili: katika kila kilo mia za chai ya kiwanda chetu, ni ngapi zilizoangukia gredi za pili? Na hapo hasara inapanda mlima kurudi kijijini. Majani magumu, au majani mazuri yaliyoshindiliwa kwenye gunia yakapata joto yakisubiri lori lililochelewa, hayatoi BP1 kwa maombi. La kwanza ni kosa letu. La pili ni la kiwanda, na mkulima ana haki ya kulisema.

Dalali huonja kila loti na kuandika bei anayoikisia. Sampuli pia hutumwa kwa wanunuzi kabla ya mnada, nao huonja wenyewe, wakiivuta chai kwa mlio mkubwa kisha wakaitema. Ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo mtu hulipwa mshahara kwa kunywa chai bila adabu. Waonjaji wana msamiati wao wa kusifu na kuponda, na sitawachosha nao, kwa sababu mwisho wa yote maneno yao hugeuzwa senti.

Sasa tufike kwenye neno lililoitikisa nchi: rizavu. Ni bei ya chini ambayo mwenye mali ameapa hatashuka chini yake. Kwenye tovuti za mnada utaona wakati mwingine imeandikwa kwamba rizavu haijafikiwa. Maana yake unaongoza kwa dau, lakini mali bado si yako na huenda isiwe yako. Kwa desturi rizavu ni siri ya mwenye mali na dalali wake, na kila loti ina yake, hupanda na kushuka kufuatana na soko. Ya Kenya ilikuja kwa sura nyingine. Julai 2021, baada ya mabadiliko katika uongozi wa KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, yaliyosukumwa na waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, ilitangazwa kwamba chai ya viwanda vya wakulima wadogo haitauzwa chini ya dola 2.43 kwa kilo. Haikuwa siri, na haikuwa ya loti moja moja. Ilikuwa namba moja kwa nchi nzima, na kila mnunuzi aliijua kabla hajawasha kompyuta yake.

Nia ilikuwa njema, na simcheki aliyeishangilia. Bei zilikuwa zimedorora, wakulima wengine wameanza kung'oa michai wapande kitu kingine. Lakini lipime neno hilo kwa swali letu. Bei ya chini haimlazimishi mtu kununua. Inamzuia muuzaji kuuza. Mnunuzi akiona 2.43 ni ghali anaondoka na pesa zake mfukoni. Muuzaji anabaki na chai yake, ghala linalipiwa, na chai, tofauti na mbao, haipendezi zaidi kwa kukaa. Hasara yote ya neno hilo iliwekwa upande mmoja, upande wa mtu ambaye lilisemekana kumlinda.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wa huku tuliumizwa nalo kuliko wengine. Namba ilikuwa moja, ilhali wanunuzi hawajawahi kuiona Kenya kuwa moja. Kwa miaka mingi chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, ya miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, imekuwa ikipata bei ya juu kuliko ya magharibi, ambako ndiko kuliko Nyamira, Kisii, Kericho, Bomet na Nandi. Sababu zinabishaniwa kila kona: wengine hutaja udongo na baridi, wengine mitambo iliyochakaa, wengine siasa. Nadhani uchumaji una sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, ingawa sitaki kumpa mchumaji lawama zote. Vyovyote iwavyo, ukimwambia mnunuzi kwamba chini ya 2.43 hakuna kuuziana, kwa chai zote, atachukua ile aliyokuwa akiipenda tangu zamani. Ya magharibi, ambayo soko lingeichukua kwa senti chache pungufu, ikakwama.

Loti isiyouzwa huweza kurudishwa kwenye katalogi ya wiki nyingine. Mara ya kwanza si vibaya. Lakini wanunuzi wana kumbukumbu, na loti inayorudirudi huangaliwa kwa jicho la kutilia shaka, hata kama tatizo lake lilikuwa bei tu. Makumi ya mamilioni ya kilo yakarundikana Mombasa. Mwaka 2024 serikali ikaiondoa rizavu ile, na chai iliyolala ikabidi itafute wateja sambamba na chai mpya. Bonasi ya mwaka 2025, yaani malipo ya mwisho wa mwaka, ilipotangazwa, magharibi mwa Bonde la Ufa kulikuwa na vilio na maandamano. Wengi walilaumu madalali. Sitawatetea madalali, wana midomo yao. Nasema tu kwamba kila gunia lililokaa ghalani lilikaa kwa sababu ya namba iliyotangazwa kwa shangwe.

Ongeza dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129, ikatulia hapo. Kilo ya dola 2.43, ambayo ingeleta kama shilingi 389 mwanzoni mwa mwaka, katikati ya mwaka ingeleta kama shilingi 313, na mnunuzi hajapunguza hata senti moja. Sarafu ya nchi ikipata nguvu, mwenye duka la vitu vya nje hufurahi na mkulima wa chai hulia, wote wawili wakiwa soko moja.

Tuendelee na hesabu hiyo kwa sababu kuna wanasiasa ambao hawaipendi. Kilo moja ya chai iliyokaushwa huhitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Gawanya shilingi 313 kwa hizo, unapata takriban shilingi 70 kwa kila kilo uliyopima kituoni. Hapo hujalipia kuni, umeme, mishahara ya kiwanda, lori la kwenda Mombasa, kamisheni ya dalali na ada ya usimamizi. Wala hujatoa malipo ya kila mwezi uliyokwisha kula. Mtu akisimama kwenye mazishi akakuahidi bonasi ya shilingi mia kwa kilo, fanya hesabu hii mchangani kwa kidole kabla ya kupiga makofi.

Neno la mwisho la Mombasa ni prompti, siku ya mwisho ambayo mnunuzi lazima awe amelipa. Nyundo ikigonga, hata iwe nyundo ya kompyuta, chai haijawa pesa. Ni ahadi. Mzigo hautoki ghalani mpaka ulipiwe, na mpaka siku hiyo aliyekopeshwa ni mnunuzi na aliyekopesha ni wewe wa Sironga, bila riba.

Haya, tugeuke sasa tuwe wanunuzi.

Japani kuna nyumba za mnada wa magari yaliyotumika. Moja ya zile kubwa kabisa, USS, ilianzishwa mwaka 1980. Kule hawaingii ila wanachama, kwa hiyo Mkenya humwagiza muuzaji wa nje ambaye ni mwanachama, au ana mwanachama, aweke dau kwa niaba yake. Magari hupita kwenye skrini kasi ya kutisha. Anachokitegemea mnunuzi ni karatasi ya mnada, ukurasa mmoja wa mkaguzi wenye Kijapani kingi, namba ya chasisi, kilomita, na mchoro wa gari uliojaa herufi.

Pembe ya juu kuna alama ya jumla. Gari la 5 au 4.5 limetunzwa sana, 4 ni zuri, 3.5 limetumika kwa kiasi cha kawaida. 3 lina makovu yanayoonekana. R ni gari lililopata ajali likatengenezwa, na RA kwa kawaida ni ajali iliyokuwa ndogo. Karibu na hapo kuna herufi ya hali ya ndani, viti na dashibodi, kuanzia A kushuka. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Tarakimu iliyo baada ya herufi ndiyo ukubwa: U1 ni mbonyeo usioonekana ila uutafute, U3 unauona kutoka ng'ambo ya barabara.

R si tusi. Kuna R iliyogongwa mlango, mlango ukabadilishwa, ikawa gari zuri. Kuna R iliyopinda fremu, ambayo ukiiendesha ukiwa na abiria kumi kwenye matuta ya huku itakukumbusha kila siku. Probox nyingi zilikuwa magari ya kazi huko zilikotoka, zikibeba mizigo ya makampuni, ndiyo maana alama ya ndani mara nyingi ni mbaya huku injini ikiwa haina neno. Mimi ningechukua viti vilivyochafuka na chasisi safi, kuliko viti vinavyong'aa na herufi S imetapakaa chini ya mchoro, hasa ikiwa gari lilikaa sehemu za theluji ambako chumvi humwagwa barabarani.

Na hasara? Malalamiko juu ya karatasi ya mnada hupokelewa kwa muda mfupi, kule kule Japani, na kutoka kwa mwanachama. Gari likishafika bandari ya Mombasa, karatasi ni historia. Kwa hiyo iombe kabla ya kulipa, tena nakala yenyewe, si tafsiri iliyochapwa na anayekuuzia. Linganisha chasisi. Linganisha kilomita na zile zinazosomeka kwenye dashibodi likifika. Zikiwa zimepungua baharini, kuna mtu amezipunguza.

Bei nayo ina herufi zake. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japani. Kuanzia hapo bahari ni yako. C&F imeongeza nauli ya meli hadi Mombasa. CIF imeongeza na bima. Muuzaji anayekutumia picha na bei ya FOB bila kusema ni FOB hajadanganya, amenyamaza tu. Kisha kuna KRA, mamlaka ya mapato, ambayo haikuulizi ulishinda mnada kwa bei gani. Ina jedwali lake la bei za magari yakiwa mapya, inapunguza kwa umri, na ushuru unatoka humo. Vijana wengi hujisifu kwamba wamebahatika kwa dau la chini, halafu ushuru unawajia uleule wa jirani aliyenunua ghali. Na gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane haliingii nchini, hata ungelipewa bure.

Kwa wanaonunua simu, vipuri na kamera kwenye tovuti za nje, nitapita haraka. Tovuti ya mnada iliyo maarufu kuliko zote, eBay, ilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, na kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa humo ni kurunzi ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Mnunuzi alijua imeharibika. Humo unaweza kuuambia mfumo mwisho wako, tuseme dola 80, ukaenda shambani. Wenyewe utakupandishia dau kidogo kidogo, kwa kadiri tu ya kumpita mwenzako. Ukishinda kwa 52 unalipa 52. Wazo linalokaribiana na hilo, la mshindi kulipa kulingana na dau la wa pili, lilichambuliwa na mwanauchumi William Vickrey katika makala ya mwaka 1961. Alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel Oktoba 1996, akafariki siku tatu baadaye.

Wapo wanaovizia, wanaweka dau sekunde za mwisho ili wengine wasipate muda wa kujibu. Ni halali, na dawa yake ni kutaja mwisho wako wa kweli mapema. Lisilo halali ni mwenye mali kupanga rafiki zake wampandishie dau, wapiga debe wa mtandaoni. Ukiona mtu mwenye jina lisilo na historia anashindana nawe kwa muuzaji huyohuyo kila mara na hashindi kamwe, ondoka.

Minada ya nyumbani imeanza pia kuingia mtandaoni: magari yaliyochukuliwa na benki, mashamba ya waliokopa. Humo utakutana na maneno haya: kitu kinauzwa kilivyo na kilipo. Hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote ya mnada. Yanasema kwamba kasoro zote, unazoziona na usizoziona, zimekuwa zako nyundo ilipogonga. Kwa ardhi, masharti ya kawaida ni asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 90. Ukishindwa, amana yako iko hatarini. Na kwa aliyekopa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamsaidia kidogo: shamba likiuzwa kwa chini ya asilimia 75 ya thamani yake sokoni, anaweza kwenda mahakamani, na mkopeshaji ndiye atakayelazimika kujieleza. Madalali hawa wana leseni na bodi inayowasimamia. Mtu anayekutaka utume amana kwenye namba yake ya simu, ili akushikie gari la mnada wa Ijumaa, hana vyote viwili.

Nimebakiza dakika chache, nizitumie kwa mkutano wa mwaka wa kiwanda, kwa sababu wenye hisa ni ninyi. Mwaka wa hesabu za KTDA hufungwa mwisho wa Juni. Mkifika pale, chai na mkate vitakuwepo, na hotuba zitakuwepo. Akina mama, wazee wangu, msiulize bonasi kwanza. Ulizeni siku ile ya mwisho wa Juni kulikuwa na kilo ngapi za chai yetu ghalani Mombasa bila kuuzwa, na iliyokaa zaidi ilikuwa na umri gani. Ulizeni asilimia ya gredi za pili mwaka huu na mwaka jana. Ulizeni wastani wa senti tulizopata kwa PF1, halafu wastani wa kiwanda jirani kwa PF1 hiyohiyo, mkataje jirani kwa jina. Ulizeni dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi, na lini.

Mkurugenzi akijibu kwamba hayo ni mambo ya Mombasa, mwombeni alete katalogi ya wiki iliyopita, aitafute maki yenu, aisome mstari kwa mstari. Ana haki ya kuipata, na ninyi mnamlipa posho ya kikao.